Hita plagi mbovu kwenye dizeli ya zamani: upime kwa taa, multimita, klampu mita, au uichomoe?

Gari la dizeli la zamani likigoma kuwaka asubuhi, betri hulaumiwa kwanza, kisha hita plagi, vile vipasha joto vidogo vya silinda ambavyo mafundi wengine huviita glo plagi. Mara nyingi plagi zinastahili lawama hiyo. Lakini wengi hununua seti nzima bila kupima, na wengine hupima kwa kifaa kisichoweza kujibu swali walilonalo, wanaambiwa plagi ni nzima, kisha wanaanza kufungua pampu na nozeli bila sababu.

Njia zinazotumika kila siku ni nne: taa ya kupimia, multimita, klampu mita (kipima mkondo kinachokumbatia waya), na kuichomoa plagi uitazame ikiwaka kwa betri. Nitazilinganisha kwa kuangalia kila moja inaona nini, haioni nini, na inamfaa nani. Niseme mapema ninapoegemea: kwa gari la zamani lenye plagi za volti 12, klampu mita ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, kwa sababu inaipima plagi ikiwa kazini. Zipo hali ambazo multimita inaishinda, na ipo hali moja ambayo hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya kuichomoa plagi na kuitazama kwa macho.

Kabla ya kushika kifaa chochote

Dizeli haina cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda, kwenye injini za zamani hadi mara 20 au zaidi, mpaka inakuwa na joto la kuyawasha mafuta. Injini nyingi za zamani zina kichumba cha awali ndani ya silinda hedi, na mafuta hupulizwa humo kwanza. Asubuhi kuta za kichumba hicho ni baridi, na hewa inayoingia inapoteza joto lake kwenye chuma. Ndiyo sababu injini hizo huhitaji hita plagi hata pasipo baridi kali. Injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni hazizitegemei kiasi hicho. Nyingi huwaka bila plagi mpaka hewa ikaribie nyuzi joto 0. Kwa hiyo plagi moja ikifa kwenye injini ya kichumba cha awali utaijua upesi, na kwenye ile nyingine unaweza kuendesha muda mrefu bila kuhisi lolote.

Dalili za plagi mbovu zina tabia yake. Injini inapigwa stata muda mrefu ikiwa baridi, inashika kwa shida, inatetemeka na kukosa silinda moja au mbili, ekzosi inatoa moshi mweupe unaochoma macho, halafu baada ya dakika moja hivi kila kitu kinatulia. Ikishapata moto, ukiizima na kuiwasha tena, inashika mara moja. Neno la kukamata hapo ni “baridi”. Gari linalosumbua likiwa baridi na likiwa moto pia lina shida nyingine: kompresheni imeshuka, hewa inaingia kwenye njia ya mafuta, au stata inazunguka polepole. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Hakuna kifaa kati ya vinne hivi kitakachokusaidia huko.

Taa ya plagi kwenye dashibodi usiitegemee. Kwenye magari mengi ya zamani inaendeshwa na kipima muda tu. Itawaka na kuzimika vizuri hata plagi zote zikiwa zimekufa.

Jambo jingine la kujua mapema ni volti ya plagi zako. Nyingi ni za volti 11 au 12. Lakini baadhi ya injini za zamani, hasa za Toyota, zilifungwa mifumo yenye plagi za volti 6, ambazo hupewa umeme kamili kwa sekunde chache kisha hupunguziwa kupitia kizuizi. Ukiipa plagi ya namna hiyo volti 12 moja kwa moja na kuiacha, unaiunguza mwenyewe, halafu unaandika kwamba ilikuwa mbovu. Volti huchorwa kwenye mwili wa plagi au kwenye kichwa chake cha pembe sita. Isome, au tafuta namba ya plagi kwenye kitabu cha gari.

Kisha angalia kama umeme unafika. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye kibamba cha chuma kinachounganisha plagi zote, nyeusi kwenye chuma cha injini, mtu afungue ufunguo. Plagi zikiwa zimeunganishwa, unatarajia kuona takriban volti 11, au pungufu kidogo ya volti za betri wakati huohuo. Ukiona 8 au 9 huku betri inaonyesha 12, rilei (swichi inayozipa plagi umeme) imeungua sehemu za kugusana, au kuna nati yenye kutu. Ukiona 0, tafuta fyuzi na rilei. Fyuzi ya mfumo huu kwenye magari ya zamani mara nyingi ni bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu, na hupasuka ufa mwembamba usioonekana kwa kuliangalia juujuu, lipime. Kipimo hiki hakikuambii lolote kuhusu plagi zenyewe, lakini bila hicho unaweza kubadilisha plagi zote nne na gari lisiwake.

Taa ya kupimia: haraka, lakini inaona nusu

Unaondoa kile kibamba, unabana klipu ya taa kwenye chanya cha betri, unagusa kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, umeme unapita ndani ya plagi hadi kwenye chuma cha injini. Isipowaka, waya wa ndani umekatika na plagi imekufa. Kazi imeisha kwa dakika chache, na kifaa ni cha bei ndogo kuliko vyote.

Shida iko kwenye hesabu. Plagi nzima ya volti 12 ikiwa baridi ina ukinzani mdogo sana, kwa kawaida kati ya omu 0.5 na 1.5. Balbu ya wati 5 ikiwa imewaka ina ukinzani wa karibu omu 29. Tuseme plagi imechoka na ukinzani wake umepanda hadi omu 5: hiyo ni plagi isiyoweza tena kupata joto la maana. Kwenye taa yako, jumla imetoka omu 30 hadi 34. Mkondo umepungua kidogo tu, na jicho halioni tofauti ya mwanga. Taa za LED ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa huwaka hata kwa mkondo mdogo mno unaopenya kwenye uchafu na kutu.

Kwa hiyo taa inapokwambia “mbovu”, iamini. Inapokwambia “nzima”, bado hujui. Inafaa njiani, au unapotaka kujua upesi kama kuna plagi iliyokatika kabisa. Na kwa kuwa plagi nyingi hufa kwa kukatika kabisa, jibu lake si la kudharau. Ninachopinga ni kufunga uchunguzi kwa sababu taa zote nne zimewaka.

Multimita: inatosha ukijua kuisoma

Multimita inapima ukinzani wenyewe, na hapo ndipo inapoipita taa. Lakini ukinzani wa chini ya omu 2 ni mahali ambapo multimita nyingi za kawaida husema uongo mdogo, na uongo huo unaweza kuwa mkubwa kuliko jibu unalotafuta. Gusanisha ncha mbili za waya zake kwanza. Ikionyesha 0.3 au 0.4, hicho ni kiasi cha nyaya zenyewe. Kitoe kwenye kila kipimo. Betri ya multimita iwe nzima. Ncha ya hasi iguse chuma kisafi cha injini karibu na plagi, si bolti yenye rangi au kutu.

Injini iwe baridi kabisa. Plagi nyingi zina koili ya pili ambayo ukinzani wake hupanda kadiri joto linavyopanda. Hiyo ndiyo inayoizuia plagi isijiunguze. Ukipima injini ikiwa moto utaona namba kubwa na kuihukumu plagi isiyo na kosa.

Na kibamba lazima kitoke. Hili linarukwa mara nyingi kwa sababu nati zake ni ndogo na ziko mahali pa kuumiza vidole. Plagi nne za omu 0.8 zikiwa zimeunganishwa pamoja zinasomeka omu 0.2. Moja ikiwa imekufa kabisa, tatu zilizobaki zinasomeka karibu omu 0.27. Hakuna multimita ya kawaida itakayokuonyesha tofauti hiyo kwa uhakika.

Ukishafanya yote hayo, usihangaike sana na namba yenyewe. Linganisha plagi na wenzake. Ukipata 0.8, 0.9, 0.8 na 2.7, hiyo ya mwisho imekwisha hata kama haijakatika. Ukipata 0.9 kwenye zote, una sababu nzuri ya kutazama kwingine. Inayosoma karibu na 0 baada ya kutoa kiasi cha nyaya imegusana ndani, na huenda ndiyo inayokula fyuzi.

Kuna udhaifu mmoja ambao multimita haiwezi kuuvuka. Inaipima plagi kwa mkondo mdogo sana, ilhali plagi ikiwa kazini inabeba ampea 10 na zaidi. Kiungo kilicholegea ndani kinaweza kusomeka vizuri kwa mkondo mdogo na kushindwa kabisa kinapopewa mzigo.

Klampu mita: inaisikiliza plagi ikifanya kazi

Hapa huondoi kibamba kwanza, huchomoi kitu. Unafungua taya za klampu, unaukumbatia ule waya mnene unaotoka kwenye rilei kwenda kwenye plagi, mtu anafungua ufunguo, na unasoma ampea.

Tuanze na hesabu. Plagi ya omu 0.8 ikipewa volti 11 inavuta karibu ampea 14 mwanzoni. Nne zinavuta kama 55. Kadiri zinavyopata joto, mkondo unashuka. Baada ya sekunde 10 au 20, plagi nyingi za volti 12 hutulia kati ya ampea 8 na 12 kila moja. Kwa hiyo kwenye injini ya silinda nne unatarajia kuona namba kubwa inayoshuka taratibu na kutulia karibu ampea 40. Ikitulia kwenye 30, plagi moja haifanyi kazi. Ikitulia 20, mbili. Ukiona namba isiyoshuka kabisa, ipo plagi iliyogusana ndani, au koili ya kudhibiti joto imeharibika.

Mteremko huo wa namba ndio unaonifanya nikipende kifaa hiki kuliko vingine. Taa na multimita zinakupa picha moja ya plagi iliyolala. Klampu inakuonyesha plagi inaamka, inapata moto, inajizuia. Na inapima kila kitu kwa pamoja: rilei, waya, kibamba, plagi na chuma cha injini. Ukipata namba sahihi hapo, umemaliza mjadala wa umeme kwa dakika moja.

Faida ya pili ni ya mwili. Kwenye injini nyingi plagi ya mwisho imejificha nyuma au chini ya pampu ya nozeli, na kuifikia ni kazi ya kuchubuka mikono. Ukijua kwa klampu kwamba zote nne zinavuta, huna haja ya kwenda huko. Ukijua moja haivuti, zitenganishe na kibamba tatu zilizo karibu kwanza uzipime moja moja. Zikiwa nzima zote, mbovu ni ile iliyojificha.

Mapungufu yake ni haya. Klampu nyingi za bei ndogo hupima mkondo wa AC pekee, ule wa nyumbani. Kwenye waya wa gari zitasoma 0, na mtu atahukumu plagi zote. Hakikisha yako imeandikwa DC, inafika angalau ampea 100, na uibonyeze irudi 0 kabla ya kuizungusha kwenye waya. Pili, haikwambii ni plagi ipi mpaka utenganishe. Tatu, haifai kwa mifumo ya zamani zaidi iliyofungwa plagi kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, kama Mercedes-Benz 240D za miaka ya 1970. Huko plagi moja ikikatika zote zinazimika, klampu itasoma 0, na utahitaji kupima volti au ukinzani plagi kwa plagi. Na plagi zinazoendeshwa kwa kompyuta kwenye magari mapya zina tabia yake, sizizungumzii hapa.

Kama huna klampu na hutaki kununua, kuna kidokezo. Weka multimita kwenye betri, fungua ufunguo. Plagi zinazovuta huishusha betri kwa sehemu ya volti papo hapo, na rilei inapoachia volti hurudi juu. Betri isiposhuka hata kidogo, plagi hazipati umeme au karibu zote zimekufa. Hakitakuonyesha plagi moja mbovu kati ya nne.

Kuichomoa na kuitazama

Plagi ya chuma ina koili iliyozungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu ndani ya mrija mwembamba, na ncha ya mrija huo inatakiwa kufika nyuzi joto 800 na zaidi. Kinachoiwasha injini ni joto la ncha, na kuna plagi zinazovuta ampea za kutosha huku joto likikaa katikati ya mrija badala ya kwenye ncha. Klampu haioni hilo. Macho pekee ndiyo yanayoliona.

Ibane plagi kwenye jiliwa, hasi ya betri kwenye mwili wake, chanya kwenye kichwa, kwa waya mnene. Ncha inatakiwa kuanza kuwa nyekundu kabla ya sehemu nyingine yoyote. Plagi za haraka huanza ndani ya sekunde chache, za kizamani huchukua zaidi. Ikianza kuwaka karibu na nyuzi za kufungia na ncha ikabaki nyeusi, itupe. Usiishike kwa mkono, iache ipoe muda mrefu, usiweke mafuta karibu. Narudia kuhusu volti: njia hii ni ya plagi za volti 11 au 12 tu. Za volti 6 na za kauri huharibika upesi, na za kauri zinaweza kupasuka.

Hii ndiyo njia yenye jibu kamili kuliko zote, na ndiyo hatari kuliko zote kwa injini. Plagi iliyokaa miaka kwenye silinda hedi imeshikwa na kutu na masizi. Ikikatika, kipande kinabaki ndani na pengine silinda hedi itatolewa. Kwa sababu hiyo siungi mkono kuchomoa plagi kama hatua ya kwanza. Ichomoe ukiwa tayari na plagi mpya mkononi, au kipimo kingine kikiwa kimeshaitaja.

Ukifika hapo, endesha gari mpaka injini iwe moto, mimina mafuta ya kulainisha kutu kuzunguka nyuzi na uyape muda. Fungua kwa toki renchi (spana inayopima nguvu), si kwa spana ndefu na hasira. Plagi ya nyuzi za M10 (kipenyo cha milimita 10) isivukishwe Newton mita 35 wakati wa kufungua, ya M12 isivuke 45, ya M8 isivuke 20. Ikigoma, kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta, rudia. Ikigoma bado, ifunge na uondoke. Gari linalowaka kwa shida lina nafuu kuliko lenye plagi iliyokatikia ndani.

Uchague ipi

Mwenye gari moja, anayeweza kuzifikia plagi zote na ana multimita tayari, hahitaji kununua kitu. Aondoe kibamba, apime injini ikiwa baridi, alinganishe namba. Fundi anayepokea dizeli za zamani mara kwa mara, au mwenye gari ambalo plagi zimefichwa, anunue klampu ya DC. Italipa gharama yake kwa muda inaookoa. Taa ibaki kwenye gari kwa dharura. Kuchomoa kubaki pale ampea ziko sawa, umeme unafika, na bado silinda moja inachelewa kushika asubuhi.

Silinda hiyo unaweza kuitambua kwa kipimajoto cha kulenga: washa injini baridi, na ndani ya nusu dakika ya kwanza lenga mirija ya manifoldi ya ekzosi mmoja baada ya mwingine. Ulio baridi kuliko wenzake ndio wa silinda isiyowaka. Hakisemi sababu ni plagi, nozeli au kompresheni, lakini kinakuonyesha plagi ya kuanza nayo.

Njia moja siiweki kwenye ulinganisho: kupuliza etha kwenye njia ya hewa ili kuona kama gari litawaka. Kwenye injini yenye hita plagi zinazofanya kazi, etha hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni na silinda hedi ndizo zinazoumia.

Plagi ikishatoka, itazame vizuri kabla ya kufunga mpya. Ncha iliyoyeyuka au kuliwa inashitaki nozeli inayodondosha mafuta, au pampu iliyowekwa mapema mno. Ukifunga plagi mpya bila kurekebisha hilo nayo italiwa. Ncha iliyovimba inamaanisha ilipewa volti nyingi au rilei iliganda bila kuachia. Iliyovimba usiivute kwa nguvu.

Moja ikiwa mbovu, na zote ni za umri mmoja, mimi hubadilisha zote, isipokuwa pale moja imeganda na vipimo vinasema ni nzima. Hiyo naiacha mahali pake. Safisha masizi kwenye tundu kwa kifaa chake kilichopakwa grisi, anzisha nyuzi kwa vidole, M10 ikaze kwa takriban Newton mita 15, nati ndogo ya juu ikaze kwa 2 au 3 tu kwa kuwa huvunjika kirahisi. Kisha zungusha klampu kwenye waya mara moja zaidi, uandike ampea za mwanzo na za kutulia pembeni ya kitabu cha gari.